Sylvanus Olympio: Rais wa Togo Aliyetaka Taifa Lake Liwe na Sarafu Yake

Mwezi Desemba, 1962 Bunge la Togo lilipitisha sheria ya kuanzisha Benki Kuu ya nchi hiyo pamoja na sarafu ya taifa. Mwezi mmoja baadaye, alfajiri ya tarehe 13 Januari, 1963, Rais aliyesimamia mageuzi hayo, Hayati Sylvanus Olympio, aliuawa kwa kupigwa risasi nje ya Ubalozi wa Marekani mjini Lomé. Sarafu iliyokusudiwa haikuwahi kufika mikononi mwa wananchi. Maisha ya kiongozi huyo yanaonesha kwa nini suala la fedha lilichukuliwa na waasisi wengi wa mataifa ya Afrika kuwa sehemu ya suala la uhuru wenyewe.

Olympio alizaliwa tarehe 6 Septemba, 1902 katika mji wa Kpandu, wakati huo ukiwa ndani ya koloni la Togo chini ya Wajerumani na leo ukiwa sehemu ya Ghana. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Kiafrika na Kibrazili, jamii iliyokuwa na nafasi kubwa katika biashara ya pwani ya Afrika Magharibi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni hilo liligawanywa kati ya Uingereza na Ufaransa chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, kama ambavyo Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani na kuwekwa chini ya Uingereza. Kwa hiyo, wananchi wa Togo na wa Tanganyika, ingawa walikuwa mbali mno, walipita njia moja: koloni la Ujerumani, kisha nchi ya mamlaka, na hatimaye nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa.

Kijana Olympio alipata elimu yake ya juu katika Chuo cha Uchumi cha London, ambako alihitimu masomo ya biashara mwaka 1926. Alizungumza lugha kadhaa, zikiwamo Kiewe, Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Aliajiriwa na kampuni kubwa ya biashara ya Uingereza, akafanya kazi Nigeria na Ghana ya leo kabla ya kurejea Togo, ambako alipanda hadi kuwa meneja mkuu wa Kampuni ya United Africa mjini Lomé. Katika nyakati hizo, Mwafrika kushika wadhifa wa aina hiyo lilikuwa jambo la nadra.

Kazi hiyo ilimfundisha kuhusu fedha kwa namna ambayo vitabu pekee visingeweza. Mji wa Lomé uko mpakani kabisa. Upande mmoja wa mpaka ilitumika pauni ya Afrika Magharibi, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyokuwa na makao yake London. Upande wa pili ilitumika faranga iliyofungamana na Paris. Watu wa kabila la Waewe walikuwa pande zote mbili. Ndugu wa ukoo mmoja walilima kakao ileile, lakini thamani ya jasho lao ilipimwa kwa sarafu mbili tofauti, na thamani ya kila moja iliamuliwa katika mji ambao wengi wao hawakuwahi kuuona.

Mwishoni mwa mwaka 1945 Ufaransa iliunda sarafu mpya kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, iliyojulikana kama faranga ya CFA. Wakati huo herufi hizo zilimaanisha makoloni ya Kifaransa ya Afrika. Sarafu hiyo ilikuwa na kiwango maalumu cha kubadilishwa kwa faranga ya Ufaransa, na Hazina ya Ufaransa ndiyo iliyodhamini ubadilishaji huo. Kwa upande mwingine, akiba ya fedha za kigeni iliyotokana na mauzo ya makoloni ilihifadhiwa katika Hazina hiyohiyo. Mpango huo ulileta uthabiti wa bei, lakini ulikuwa na gharama yake. Ufaransa iliposhusha thamani ya faranga yake mwaka 1958, sarafu ya Afrika nayo ilishuka pamoja nayo, bila wananchi wa Afrika kuwa na kauli katika uamuzi huo.

Olympio aliingia katika siasa akiwa kiongozi wa chama cha Kamati ya Umoja wa Togo, kilichoshinda uchaguzi wa Baraza la nchi mwaka 1946. Mwaka 1947 alifika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kutetea umoja wa Waewe waliogawanywa na mpaka. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kutumia jukwaa hilo, miaka minane kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kusimama katika Baraza hilo mwezi Machi, 1955 kudai haki ya Tanganyika.

Harakati hizo hazikuwafurahisha watawala. Tayari mwaka 1942, wakati wa vita, utawala wa Kifaransa uliokuwa chini ya serikali ya Vichy ulikuwa umemkamata na kumweka kizuizini Djougou, katika nchi inayoitwa Benin leo. Mwaka 1954 alishtakiwa kwa kuvunja sheria za fedha za kigeni. Alipatikana na hatia na kunyang'anywa haki ya kupiga kura na kugombea kwa miaka mitano. Kwa mtu aliyefanya kazi katika biashara ya kimataifa, hukumu hiyo ilikuwa somo zito. Sheria iliyodhibiti fedha ilitumika kumnyima mtu mmoja uhuru wake wa kisiasa, na kupitia yeye, kuzuia sauti ya wananchi waliomuunga mkono.

Kizuizi hicho hakikudumu. Tarehe 27 Aprili, 1958 ulifanyika uchaguzi uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Olympio mwenyewe hakuruhusiwa kugombea, lakini chama chake kilishinda na akawa Waziri Mkuu. Miaka miwili baadaye, siku na mwezi uleule, tarehe 27 Aprili, 1960, Togo ilipata uhuru wake. Mwaka 1961 Olympio alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri hiyo.

Akiwa Rais, aliendesha Serikali kwa ubanaji mkubwa wa matumizi. Alilenga bajeti isiyotegemea ruzuku ya Ufaransa, kwa kuwa aliamini kuwa nchi inayolipiwa mishahara ya watumishi wake na nchi nyingine haiwezi kuamua mambo yake. Jeshi lilikuwa dogo, lenye askari wapatao 250 tu. Mauzo ya madini ya fosfati, yaliyoanza mwaka 1961, yalimpa matumaini ya chanzo kipya cha fedha za kigeni. Alitafuta pia ushirikiano na Ujerumani Magharibi, Uingereza na Marekani, na mwezi Machi, 1962 alipokelewa mjini Washington na Rais John F. Kennedy.

Mageuzi ya fedha yalifuata mantiki hiyohiyo. Guinea ilikuwa imeunda sarafu yake mwaka 1960, na Mali ilifanya hivyo mwezi Julai, 1962. Mwezi Mei mwaka huohuo mataifa kadhaa ya Afrika Magharibi yalitia saini mkataba wa Umoja wa Fedha uliodumisha faranga ya CFA. Togo haikujiunga. Badala yake ilichagua kuwa na Benki Kuu yake yenyewe. Olympio alifahamu kuwa sarafu haisimami kwa nguvu ya sheria peke yake. Inahitaji akiba, mapato ya kodi na nidhamu ya matumizi. Ubanaji wa bajeti uliowachosha wengi ulikuwa msingi wa jengo alilotaka kulijenga.

Hata hivyo, historia ya haki haiwezi kuacha upande wa pili. Katika uchaguzi wa 1961 orodha za wagombea wa upinzani zilizuiwa, na chama chake kikachukua viti vyote vya Bunge. Baadhi ya wapinzani waliwekwa kizuizini, na mwanzoni mwa mwaka 1962 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Kiongozi aliyewahi kunyimwa haki ya kupiga kura aliongoza Serikali iliyowanyima wengine nafasi hiyo. Alipokuwa akiutafuta uhuru wa taifa kwa nje, uhuru wa raia ndani ya nchi ulipungua, na pamoja nao ukapungua uungaji mkono ambao mageuzi magumu huuhitaji.

Wakati huohuo, askari wa Togo waliokuwa wamepigana chini ya bendera ya Ufaransa huko Indochina na Algeria walirejea nyumbani na kuomba kuingizwa katika jeshi la taifa. Olympio, akilinda bajeti yake, alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari, 1963 kundi la askari hao lilivamia makazi yake. Alikimbilia katika eneo la Ubalozi wa Marekani lililokuwa jirani, lakini kulipopambazuka alipatikana na kuuawa. Madai ya askari hao yalikuwa ajira na mishahara. Lakini kwa kuwa kifo hicho kilitokea wakati mpango wa sarafu mpya ukikaribia kutekelezwa, wengi barani Afrika wameendelea kuyahusisha mambo hayo mawili.

Serikali iliyofuata iliongozwa na Nicolas Grunitzky, na mwezi Novemba, 1963 Togo ilijiunga na Umoja wa Fedha. Mwezi Mei mwaka huo viongozi wa Afrika walipokutana Addis Ababa kuanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Togo haikuwakilishwa. Mkataba walioutia saini uliweka miongoni mwa misingi yake kulaani mauaji ya kisiasa ya aina yoyote.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, njia ilikuwa tofauti. Shilingi iliyotumika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kufungamanishwa na pauni ya Uingereza. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Benki Kuu mwezi Desemba, 1965, na tarehe 14 Juni, 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi. Kenya na Uganda nazo zilitoa sarafu zao mwaka huohuo. Hatua ambayo Olympio hakujaliwa kuiona nchini mwake ilitekelezwa hapa kwa amani, na noti yenye jina la taifa ikawa jambo la kawaida mfukoni mwa kila mwananchi. Pamoja na haki hiyo ulikuja wajibu wa kulinda thamani yake, wajibu ambao hauwezi tena kuachiwa mji mkuu wa nchi nyingine.

Togo inaendelea kutumia faranga ya CFA hadi leo. Mwezi Desemba, 2019 Ufaransa na nchi za Umoja huo zilitangaza makubaliano ya kuondoa sharti la kuweka sehemu ya akiba katika Hazina ya Ufaransa, sharti lililokuwapo tangu enzi za Olympio. Mjadala aliouanzisha, kwa hiyo, haujafungwa.

Hayati Olympio alizikwa Agoué, nchini Benin, nje ya mipaka ya taifa aliloliongoza. Tarehe 27 Aprili imebaki kuwa sikukuu ya uhuru wa Togo.