Brian Clough na goti lililomtoa uwanjani

Ijumaa moja baada ya swala tulikaa barazani, mazungumzo yakahamia kwa kijana mmoja wa mtaani kwetu, mshambuliaji hodari, ambaye daktari amemwambia aache mpira kwa sababu ya goti. Mzee mmoja akasema kijana yule anadeka tu, vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimkumbuka marehemu Brian Clough, Mwingereza ambaye vijana wetu wanamjua, kama wanamjua, kwa ukocha wake wa Nottingham Forest. Wachache wanajua kwamba kabla ya ukocha alikuwa mfungaji wa kutisha, na kwamba siku alipoumia naye aliambiwa anajifanya.

Clough alizaliwa tarehe 21 Machi 1935 mjini Middlesbrough, kaskazini mashariki ya Uingereza, katika familia ya watoto wengi na kipato kidogo. Shule haikumfaa, aliondoka bila cheti. Akafanya kazi ya ukarani mdogo katika kiwanda cha kemikali, kisha akatumikia jeshi la anga kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Mpira ndio uliompa jina. Akiwa na Middlesbrough alifunga mabao 197 katika mechi 213 za ligi. Naomba msomaji azitazame tena tarakimu hizo, maana ni karibu bao moja kila mechi, kwa miaka kadhaa mfululizo.

Pamoja na hayo, timu ya taifa ilimchezesha mara mbili tu, mwaka 1959, ikamwacha. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba Middlesbrough ilikuwa daraja la pili. Kwa maoni yangu mdomo wake pia haukumsaidia. Alikuwa mtu wa kusema kila alichokiona, kwa wakubwa na wadogo, kiasi kwamba wachezaji wenzake waliwahi kutia saini barua wakitaka avuliwe unahodha. Mtu wa namna hiyo akipatwa na shida, wa kumwonea huruma huwa wachache.

Mwaka 1961 alihamia Sunderland, nayo ikiwa daraja la pili ikipigania kupanda. Mabao yakaendelea. Ndipo ikafika tarehe 26 Desemba 1962, siku ya pili ya Krismasi, katika uwanja wa Roker Park, Sunderland ikicheza na Bury. Baridi ya mwaka ule huko Uingereza inakumbukwa hadi leo. Uwanja ulikuwa mgumu na unateleza. Clough alikimbilia mpira akagongana na kipa wa Bury, Chris Harker, naye akaanguka kichwa kikiwa kimeumia na goti limeharibika kabisa. Kano zinazolishika goti zilikuwa zimekatika.

Alijaribu kuinuka ili aufuate mpira, akashindwa. Akiwa bado chini anagaagaa, Bob Stokoe wa Bury alimwambia mwamuzi kwamba yule mtu anaigiza. Clough aliyasikia maneno yale, na hakumsamehe Stokoe maisha yake yote. Wapo wanaomlaumu kwa kuweka kinyongo muda mrefu hivyo, na sisi tunajua fadhila ya kusamehe. Lakini kabla hatujamhukumu, tufikirie hali ya mtu aliye chini na mguu uliokatika, anamsikia mwenzake wa kazi akimshuhudilia kwamba ni mwongo.

Wakati ule elimu ya kutibu kano za goti ilikuwa changa. Aliyekatika kano zile, aghalabu mpira wake ulikuwa umekwisha. Mguu ulitiwa plasta miezi mingi, kisha yakafuata mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za uwanja peke yake, huku wenzake wakicheza. Sunderland ilikosa kupanda daraja msimu ule kwa wastani wa mabao tu, nyuma ya Chelsea. Msimu uliofuata ikapanda bila yeye.

Septemba 1964 alirudi uwanjani. Alicheza mechi tatu, akafunga bao moja dhidi ya Leeds United. Mtu aliyefunga mabao 251 ya ligi katika mechi 274 alikuwa na bao moja tu katika daraja la kwanza, nalo ni hilo. Goti halikuweza zaidi. Akastaafu akiwa na miaka 29, umri ambao mshambuliaji huwa ndiyo kwanza amekomaa.

Kilichofuata hakipendezi kusimulia, ila ni sehemu ya habari yenyewe. Katika kipindi kile cha kukaa bila kazi alianza kunywa pombe kwa wingi. Mwenyewe alikuja kulikiri hilo. Alipewa kazi ya kufundisha vijana wa Sunderland, na Oktoba 1965 akawa kocha wa Hartlepools United, timu ya mkiani kabisa, akiwa na miaka 30, akimchukua rafiki yake Peter Taylor kuwa msaidizi. Habari za baadaye zinajulikana. Derby County aliipa ubingwa mwaka 1972. Leeds alidumu siku 44 mwaka 1974. Nottingham Forest aliikuta daraja la pili, akaipa ubingwa wa nchi mwaka 1978 na Kombe la Ulaya mara mbili, 1979 na 1980.

Katika hayo yote mimi huvutiwa na jambo dogo la fainali ya mwaka 1979 mjini Munich dhidi ya Malmö. Archie Gemmill na Martin O'Neill walikuwa wametoka kuumia. Clough aliwauliza kama wako sawa, wakajibu wako sawa. Aliwaacha nje wote wawili, nao walikasirika sana. Wengine waliona ni ukatili. Mimi naona alikuwa anajua jinsi mchezaji anavyoweza kuudanganya hata mwili wake mwenyewe ili acheze. Forest ilishinda bao 1-0.

Pombe haikumwacha. Mwaka 1993 alistaafu Forest ikishuka daraja, na Januari 2003 alipandikizwa ini jingine. Alifariki tarehe 20 Septemba 2004 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 69.

Kijana wetu nilimsimulia haya juzi, akiwa kakaa nje ya uwanja na bendeji gotini. Aliniuliza kuhusu zile mechi tatu za Clough, kama goti lilimuuma tangu ya kwanza. Kesho yake asubuhi alipanda daladala kwenda hospitali kupigwa picha ya pili.