Albert Claude: alichuja seli sawa vile tunachuja kasiteriti

Hapa Bisie kuna kazi moja tunaijua vizuri: kutosha kasiteriti ndani ya muchanga. Unaponda jiwe, unatia ndani ya beseni na maji, unazungusha. Kasiteriti ni nzito, inabaki chini. Muchanga unaenda na maji. Albert Claude alifanya vile vile na seli, vile vyumba vidogo sana vinavyojenga mwili.

Alizaliwa Longlier, kijiji cha Ubelgiji. Mama yake alikufa na kansa ya titi, yeye akiwa na miaka 7. Akaacha masomo angali kijana ili atunze jamaa aliyepooza, kisha akapiga kazi kwenye kiwanda cha chuma. Vita ya 1914-1918 ilipoisha, hakuwa na diplome. Akajaribu kwanza masomo ya mine, kule Liège! Halafu sheria mpya ikafungulia wapiganaji wa zamani mlango wa universite bila diplome: 1922 akaingia udaktari, 1928 akamaliza. (Wenzetu wa sendika wasome hapo mara mbili.)

1929 akaenda New York, kwenye taasisi ya Rockefeller, kutafuta kinacholeta kansa ya kuku. Akasaga seli, akazitia ndani ya mashini inayozungusha kwa nguvu, kila kipande kikashuka kwa uzito wake. Wengine walimcheka kwamba anaharibu tu.

Christian de Duve wa Louvain akafuata njia ile ile. 1955 akatangaza lisosomu, vifuko vilivyo kama tumbo la seli. 1963 akaita otofajia ile hali ya seli kula vipande vyake vilivyochakaa. Kula huko kunasafisha. Kukikwama, uchafu unarundikana, sawa vile unaonekana katika ugonjwa wa Parkinson; kukizidi, seli yenyewe inaweza kufa.

Kwetu wa shimoni, ile lisosomu inatugusa ndani ya mapafu. Seli mlinzi inameza vumbi la jiwe lenye silika. Lisosomu inapasuka, seli inakufa, vumbi linatoka zima, seli ingine inalimeza tena. Pafu linajaa makovu, na hakuna dawa ya kuyafuta. Ni juu ya hiyo tunadai maji wakati wa kutoboa mwamba, na maski za kweli, si kitambaa.

Claude, de Duve na George Palade walipewa Nobel pamoja 1974. Claude alikuwa amesharudi Ubelgiji miaka mingi, akaongoza Institut Jules Bordet, hospitali ya kansa ya Brussels. Alikufa mwezi wa tano 1983.