Jim Thorpe, Mkimbiaji Aliyenyang'anywa Nishani

Jim Thorpe alizaliwa mwaka 1887 katika nchi ya Marekani, mahali palipotengwa wakati ule kwa ajili ya wenyeji wa asili, yaani watu waliokaa katika bara lile kabla ya Wazungu kufika. Siku hizi mahali hapo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma. Wazungu waliwaita wenyeji hao Wahindi Wekundu, ingawa hawakutoka Bara Hindi. Wazazi wa Jim walikuwa na damu ya wenyeji na ya Wazungu pia, naye alihesabiwa mtu wa kabila la Sac na Fox. Kwa lugha ya kabila aliitwa Wa-Tho-Huk, na maana yake ni njia yenye mwanga.

Jim alizaliwa pacha, na ndugu yake aliitwa Charlie. Watoto hawa walipendana mno. Walicheza pamoja, wakawinda pamoja, wakaenda shule pamoja. Lakini Charlie alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafa, naye hajatimiza hata miaka kumi. Tangu siku ile Jim aliichukia shule, kwa kuwa alikaa humo peke yake. Zaidi ya mara moja alitoroka akarudi kwao, na kila mara baba yake alimrudisha. Baada ya miaka michache mama yake alikufa, na baba yake naye akafa. Basi Jim akawa yatima, naye angali kijana.

Mwaka 1904 alipelekwa mbali sana upande wa mashariki, kwenye shule ya bweni ya Carlisle katika jimbo la Pennsylvania. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1879 kwa shauri la Serikali, ili watoto wa wenyeji waache desturi za wazee wao. Walipofika walikatwa nywele, wakavikwa nguo za Kizungu, wakakatazwa kusema lugha za kwao. Walifundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono. Wengi waliumwa na moyo kwa kukumbuka kwao, na wengine walikufa huko huko wakazikwa.

Inasimuliwa kuwa siku moja mwaka 1907 Jim alipita kiwanjani akiwa amevaa nguo zake za kazi. Akawaona wenzake wakijaribu kuruka juu ya ufito uliowashinda, maana uliwekwa futi 5 na inchi 9 kutoka chini. Jim akaomba ruhusa, akakimbia, akauruka mara moja, kisha akaenda zake. Habari hizo zilimfikia mwalimu wa michezo, Glenn Warner, naye akamwita siku ya pili akamtia katika kundi la wanariadha.

Lakini mchezo ambao Jim aliupenda kuliko yote ni mpira wa Kimarekani. Mpira huo una umbo kama yai, na wachezaji huubeba mikononi. Kila upande una watu 11. Mmoja huupokea mpira akakimbia nao mbele, na adui zake hujitahidi kumkamata na kumwangusha chini. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Jim. Hapo kwanza mwalimu Warner alikataa, kwa kuwa aliogopa kijana wake ataumia. Jim alipozidi kumsihi, Warner alimpa mpira, akaamuru wachezaji wote wamwangushe. Jim akapita katikati yao wote, wala hakuna aliyeweza kumzuia.

Mwaka 1911 Carlisle walicheza na chuo kikuu cha Harvard, ambacho kilikuwa na sifa kubwa katika nchi nzima. Jim alikuwa na maumivu, na mguu wake ulifungwa vitambaa, hata hivyo alicheza. Mara nne aliupiga mpira ukapita kati ya milingoti, na Carlisle wakashinda kwa 18 kwa 15. Mwaka uliofuata walicheza na vijana wa chuo cha maofisa wa jeshi, wakawashinda kwa 27 kwa 6. Kati ya vijana hao wa jeshi alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1953. Ushindi huo uliwafurahisha sana wanafunzi wa Carlisle, maana wazee wa makabila yao walipigana na jeshi lile lile wakanyang'anywa nchi yao.

Katika mwaka huo wa 1912 Jim alikuwa amekwisha kwenda Stockholm, mji mkuu wa Sweden, kwenye Michezo ya Olimpiki. Huko aliingia katika mashindano mawili yaliyo magumu sana. La kwanza lilikuwa na michezo mitano, na Jim alikuwa wa kwanza katika minne. La pili lilikuwa na michezo kumi, ya kukimbia, kuruka na kutupa, nayo ilichukua siku tatu. Katikati ya mashindano viatu vyake vilipotea, akavaa viatu viwili visivyofanana, na mguu mmoja akazidisha soksi ili kiatu kisimpwaye. Hata hivyo alipata pointi 8,412, akampita Hugo Wieslander wa Sweden, aliyekuwa wa pili, kwa pointi karibu 700. Mfalme Gustaf wa Sweden alimpa nishani zake mbili za dhahabu na kumsifu mbele ya watu wote. Aliporudi Marekani, watu maelfu walijaa njiani kumlaki.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Januari mwaka 1913, gazeti moja liliandika kuwa Jim amepata kupokea fedha kwa kucheza. Habari hiyo ilikuwa kweli. Mwaka 1909 na 1910, wakati wa kiangazi, alicheza besiboli katika jimbo la North Carolina kwa ujira mdogo. Vijana wengi wa vyuo walifanya vivyo hivyo, lakini wao walijificha kwa majina ya uongo. Jim alitumia jina lake mwenyewe. Sheria ya Olimpiki siku zile ilimkataza ye yote aliyepata mshahara wa mchezo wo wote. Jim hakukana. Ilipelekwa barua yenye jina lake, naye akakiri jambo lile, akaeleza kuwa hakujua ya kwamba ni kosa.

Wakuu wa michezo hawakumhurumia. Waliamuru nishani zake zirudishwe, na jina lake likafutwa katika orodha ya washindi. Lakini wao wenyewe waliivunja sheria, kwa maana iliandikwa ya kuwa mashtaka yaletwe kabla siku 30 hazijapita baada ya michezo, nayo yaliletwa baada ya miezi sita. Nishani zilipelekwa kwa wale waliokuwa wa pili. Wieslander alisema ya kuwa mshindi wa kweli ni Thorpe.

Jim hakukaa kulia. Sasa alikuwa huru kucheza kwa mshahara, akaajiriwa na timu ya besiboli ya New York Giants. Mwaka 1915 timu ya mpira ya mji wa Canton, katika jimbo la Ohio, ilimwajiri kwa dola 250 kila mchezo, na huo ulikuwa mshahara mkubwa kwa siku zile. Watu walikuja kwa wingi kumtazama, na Canton wakahesabiwa mabingwa mwaka 1916, 1917 na 1919. Mwaka 1920 wakuu wa timu walikutana Canton katika duka la motokaa ili kuunda chama kimoja. Viti havikutosha, hata wengine wakakaa juu ya vidato vya motokaa. Jim alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama hicho, nacho ndicho chama kikuu cha mpira wa Kimarekani hata leo. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 1928, alipokuwa na umri wa miaka 41.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa magumu. Ulevi ulimdhuru, na fedha zake zilikwisha. Wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi alichimba udongo kwa sururu na sepetu, mtu yule yule aliyesifiwa na mfalme. Mwaka 1932 Michezo ya Olimpiki ilifanywa Los Angeles, alikokaa, na ilijulikana kuwa Jim hana fedha za kuingilia. Charles Curtis, Makamu wa Rais wa Marekani, ambaye naye alikuwa na damu ya wenyeji, alimkaribisha akae karibu naye. Watu walipomwona Jim, walisimama wakamshangilia. Mwaka 1950 waandishi wa habari za michezo wa Marekani walimchagua kuwa mwanamichezo aliye bora kupita wote wa nusu ya kwanza ya karne ile. Lakini nishani zake hazikurudi. Alikufa tarehe 28 Machi, 1953, katika jimbo la California.

Watoto wake na rafiki zake hawakunyamaza. Miaka mingi walidai haki ya marehemu, na mwishowe wakubwa wa Olimpiki walikubali ya kuwa sheria ya siku 30 haikufuatwa. Mwezi wa Januari mwaka 1983 watoto wake walikabidhiwa nishani mbili mpya. Hata hivyo Jim aliandikwa kuwa mshindi pamoja na wengine, kana kwamba hakuwashinda. Wakadai tena. Mwezi wa Julai mwaka 2022, miaka 110 baada ya michezo ya Stockholm, na kwa idhini ya jamaa ya Wieslander, jina la Jim Thorpe liliandikwa peke yake mahali pa kwanza.

Kosa lake lilikuwa dogo, naye alilikiri. Kosa la waliomhukumu lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilichukua zaidi ya miaka mia moja kusahihishwa.