Bi Kidude: Alikimbia ndoa, akarudi kuwafundisha wanawake raha ya miili yao

Jumamosi jioni pale Kawe, kuanzia Ukwamani mpaka Mzimuni, unaweza kusikia spika ya kicheni pati kabla hujauona ukumbi. Ndani ni wanawake peke yao. Bibi harusi amekalishwa mbele, mashangazi wamefunga khanga kiunoni, na muda ukifika anaingia kungwi. Hapo simu zinaambiwa ziwekwe kwenye mikoba na mlango unafungwa.

Ukiondoa spika, keki na MC, shughuli hiyo ni mtoto wa unyago. Na ukitaja unyago katika pwani hii, jina moja linakuja kabla ya mengine yote: Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude.

Wengi wanamkumbuka kama bibi mwembamba mwenye sauti nzito, sigara mkononi, aliyekuwa akiimba taarabu kwenye majukwaa ya Ulaya akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wameshalazwa kitandani. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kazi aliyoifanya miaka mingi nyuma ya milango iliyofungwa: kuwafundisha wanawake wa Zanzibar mambo ya ndani bila kuona haya.

Mtoto wa muuza nazi

Alizaliwa Unguja, kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiwa muuza nazi. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa. Mwenyewe alikuwa akikadiria umri wake kwa zama za rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi mwaka 1936, na kwa hesabu hizo watu wengi wakaamini alipofariki alikuwa amepita miaka 100. Jina la Kidude alipewa kwa sababu alikuwa mdogo mno wa umbo. Ni neno ambalo mtaani watu hulitumia kwa kitu chochote wasichotaka kukitaja waziwazi, na kwa kazi aliyokuja kuifanya, jina lilimkaa sawasawa.

Utotoni alinogewa na sauti ya Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyetoka kwenye kuuza vyungu akaja kuwa malkia wa taarabu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kidude alizishika nyimbo zake kwa masikio tu. Hakusoma noti wala hakupita shule ya muziki. Alianza kuimba akiwa na umri wa miaka kama kumi.

Halafu likaja la ndoa. Akiwa na miaka 13 tu alilazimishwa kuolewa, na akakimbia. Alivuka bahari kuja Bara, binti mdogo asiye na mtu wa kumpokea. Baadaye alijaribu ndoa nyingine, nayo haikumfaa, akaondoka tena. Katika miaka ya 1930 alizunguka na kundi la taarabu kwenye miji ya pwani na kuingia ndani ya nchi hadi ukanda wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, safari nyingi akizipiga kwa miguu, pekupeku. Simulizi za maisha yake zinamfikisha hata Misri. Miaka ya 1940 alirudi Unguja na kupata kibanda chake cha udongo.

Hakuzaa. Kwa mwanamke wa Kiswahili wa zama zile, kukosa mtoto na kukosa mume lilikuwa jambo la kunyooshewa kidole. Yeye alitafuta riziki kwa ngoma, hina, wanja na dawa za miti shamba. Pole pole nyumba za harusi zikaanza kumtafuta.

Kilichokuwa kinafundishwa

Unyago wa Zanzibar haukuanzia Zanzibar. Ulivuka bahari na watu waliopelekwa visiwani kama watumwa kutoka Bara, Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengine, na baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 ukaendelea kuchezwa mitaani na wanawake waliokuwa wanajijenga upya kama watu huru. Hili linafaa kukumbukwa. Mtu ambaye mwili wake ulikuwa mali ya mwingine alikuwa sasa anakaa chini na wenzake kuuzungumzia huo mwili kama wake.

Mwanafunzi aliitwa mwari na mwalimu wake somo, ama kungwi. Somo alianza na mambo ya msingi: usafi, hedhi, namna ya kujitunza. Kwa waliokuwa wanaingia kwenye ndoa, darasa liliongezeka. Kulikuwa na singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo unaosagwa na kusuguliwa mwilini mpaka ngozi inang'aa. Kulikuwa na udi. Kulikuwa na mchezo wa kiuno, ambao haukuwa wa kuonyesha watu tu bali mafunzo ya misuli na pumzi. Na kulikuwa na nyimbo za mafumbo ambazo mtoto akizisikia dirishani angedhani zinahusu muhogo au samaki.

Katikati ya yote hayo palikuwa na msondo, ngoma ndefu ambayo Bi Kidude aliifunga kiunoni, akaipanda kwa miguu miwili na kuipiga akiwa amesimama juu yake. Kwa mwanamke mwembamba kama yeye, si mchezo. Mdundo wa msondo huusikii masikioni peke yake, unaupata kifuani na tumboni, na walimu wa unyago walijua hivyo. Mwili ulitangulia kuelewa, maneno yakafuata.

Kitu cha kushangaza ni kwamba miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19, wakati ngoma hizi zinaota mizizi Unguja, huko London daktari Joseph Mortimer Granville alikuwa ametengeneza nyundo ya umeme inayotetemeka. Ndiye anayetajwa sana kama baba wa vaibreta. Lakini mwenyewe aliitengeneza kwa ajili ya maumivu ya misuli na neva, na katika kitabu chake cha mwaka 1883 aliweka wazi kwamba hakutaka kuitumia kwa wanawake. Ile hadithi inayozunguka mitandaoni kwamba madaktari wa zama hizo walikuwa wakiwatibu wanawake kwa kifaa hicho kila siku imepingwa vikali na wanahistoria. Yaani mwanamume alikuwa na mashine na akaogopa somo. Wanawake wa Unguja walikuwa na somo, mashine hawakuwa nayo.

Isieleweke vibaya. Bi Kidude hakufundisha mwanamke kujiridhisha peke yake. Unyago wake ulikuwa unaangalia ndoa, na sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu kumpendeza mume. Wapo wanawake wanaoukosoa kwa sababu hiyo, na hoja yao ina uzito. Unyago wa kale pia uliwakusanya wasichana wadogo ambao leo mahali pao ni darasani, na Bi Kidude aliyekimbia akiwa na miaka 13 alilijua hilo kuliko yeyote. Ila kwenye darasa lake palikuwa na kitu kingine pia. Aliwaonya wanawake kuhusu wanaume wakatili. Aliwafundisha kwamba tendo si adhabu, kwamba mwanamke naye ana fungu lake la raha, na kwamba kuumia si sehemu ya kawaida ya ndoa.

Kwenye taarabu aliyabeba hayohayo. Muhogo wa Jang'ombe, wimbo uliotoka kwa Siti, unaonekana kama habari ya chakula, lakini ukumbi mzima ulikuwa unajua nini kinasemwa. Upande wa pili kuna Kijiti, nao ni wa Siti, unaohusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyekwenda matembezini Zanzibar, akabakwa na kuuawa. Mtuhumiwa alitoroka, na mahakama ya kikoloni ikaishia kuwafunga wanawake wawili waliotoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Bi Kidude aliendelea kuuimba wimbo huo hadi uzeeni. Huwezi kumwelewa mwalimu wa raha bila kusikia na huu.

Kwa nini habari zake zinatafutwa leo

Mwanamke mtu mzima wa Kawe mwenye swali kuhusu mwili wake leo hamtafuti somo, anafungua simu. Vaibreta zinauzwa kwa ujumbe wa WhatsApp, zinaletwa na bodaboda kwenye mfuko mweusi, na ndani ya boksi kuna karatasi ya maelekezo kwa Kichina. Basi. Hakuna wa kumwambia yale ambayo somo angeanza nayo.

Kama angekuwepo, usingekuwa mzunguko mrefu. Angeanza na mkono na kioo, mtu ajijue kabla ya kununua chochote. Angeuliza kifaa kimetengenezwa kwa nini, maana silikoni laini isiyo na vinyweleo husafishika vizuri, wakati plastiki yenye harufu kali ni ya kutiliwa shaka. Angesisitiza kukiosha kwa maji na sabuni isiyo kali kabla na baada, kukikausha, na kutoazimana. Kilainishi kiwe cha maji, kwa sababu kile cha silikoni huharibu kifaa cha silikoni, na mafuta ya nazi yanayeyusha nguvu ya kondomu ya mpira. Kuanza na mtetemo wa chini kabisa, hata juu ya nguo, nje na si ndani, kisha kusikiliza. Ganzi ikija, kupumzika. Maumivu yakija, kuacha, na yakiendelea kumwona daktari. Na mlango ufungwe, hilo hata Bi Kidude hakulifanyia mzaha.

Hakuna kati ya hayo lililo geni kwa unyago isipokuwa betri. Haraka haikuwahi kuwa fundi wa jambo hili.

Dunia ilipomgundua uzeeni

Kwa miongo mingi aliishi kama fukara maarufu. Kila mtu Unguja alimjua, mfuko wake haukujua. Alivuta sigara na kunywa bia hadharani katika mji wa Kiislamu, na wapo waliomwona fedheha. Wengine walimzomea mchana, jioni wakatuma mtu kumwita kwa ajili ya harusi ya binti yao.

Nje ya nchi mambo yalifunguka akiwa bibi tayari. Albamu yake iliyoitwa Zanzibar ilitoka mwaka 1998. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, heshima kubwa kwenye muziki wa dunia, na mwaka uliofuata ikatoka filamu ya maisha yake, As Old as My Tongue, iliyoongozwa na Andy Jones. Tamasha la Sauti za Busara bila yeye likawa kama pilau bila viungo. Vijana wa bongofleva nao hawakubaki nyuma: Offside Trick walimshirikisha kwenye Ahmada, na ghafla watoto waliozaliwa miaka ya 1990 wakawa wanacheza sauti iliyofundwa na santuri za Siti.

Miaka ya mwisho haikuwa mizuri. Afya ilishuka, na mwaka 2012 zikaenea habari kwamba bibi ametekwa, kumbe ni mvutano juu ya nani amtunze na nani asimamie mambo yake. Mzozo huo ulizaa filamu ya pili, I Shot Bi Kidude, iliyotoka 2015. Ni filamu inayouma kuitazama. Mwanamke aliyekimbia ujanani ili asiamuliwe mambo yake, uzeeni watu walikuwa wanagombania kumwamulia.

Alifariki Aprili 17, 2013. Siku ya maziko Unguja ilijaa, viongozi wa nchi wakiwa mbele na kamera zikiwa zimetoka kila upande. Kwa desturi ya huko wanaokwenda makaburini ni wanaume, kwa hiyo jeneza lilibebwa nao. Wanawake walibaki nyumbani na mikeka na tasbihi, wakiwemo wale waliowahi kukaa mbele ya msondo wake siku chache kabla ya kuolewa.