Otto Stern, Mpima Sumaku ya Protoni

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi hapa Newala, na napenda kuwapa habari za bingwa mmoja wa fizikia ambaye maisha yake yamenifundisha jambo.

Otto Stern alizaliwa tarehe 17 Februari, 1888, katika mji wa Sohrau, ambao siku hizo ulikuwa Ujerumani na sasa umo Poland. Alipata udaktari mwaka 1912, kisha akafanya kazi pamoja na Albert Einstein. Mwaka 1922 jaribio lake yeye na Walther Gerlach lilifaulu mjini Frankfurt: mvuke wa madini ya fedha ulipitishwa kati ya ncha za sumaku, nao ukagawanyika sehemu mbili. Hivyo ilionekana kuwa kila atomu ya fedha ni sumaku ndogo, tena hujielekeza pande mbili tu.

Baadaye, huko Hamburg, alitaka kupima usumaku wa protoni, chembe iliyomo katika kiini cha kila atomu. Wataalamu wenzake walimwona anapoteza wakati, maana jibu lilikwisha kupatikana kwa hesabu. Stern hakukubali. Yeye na wasaidizi wake walipitisha mkondo mwembamba wa haidrojeni kando ya sumaku kali, ndani ya chombo kisicho na hewa, wakapima jinsi ulivyopinda. Mwaka 1933 walipata kipimo kilichozidi jibu la hesabu mara 2 hadi 3. Leo yajulikana kuwa ni karibu mara 2.79. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba protoni si nukta tupu, bali ina vitu ndani yake.

Mwaka huohuo Wanazi walitwaa utawala, wakaanza kuwafukuza kazini Wayahudi. Stern, naye Myahudi, alijiuzulu, akaiacha maabara yake, akahamia Marekani. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943, akafariki Berkeley tarehe 17 Agosti, 1969.

Sisi wa Newala twaijua taabu ya kupandisha maji kutoka bondeni. Katika kila tone la maji hayo mna protoni, na usumaku wake ndio unaowezesha mashine za MRI kuonyesha ndani ya mwili wa mgonjwa bila kumpasua.

Basi wenzangu, hapa na Masasi, tuingiapo maabara tusiandike jibu la kitabu kabla ya kupima. Tupime kwanza.