Ernst Abbe: Mtoto wa kibarua aliyezikutanisha rangi

Ernst Abbe alizaliwa mwaka 1840 mjini Eisenach, Ujerumani. Babake alikuwa kibarua wa kiwanda cha nyuzi, akifanya kazi hadi saa 16 kwa siku. Mtoto ndiye aliyempelekea chakula, na alimwona babake akila wima, haraka haraka.

Alisoma hadi akawa mhadhiri Chuo Kikuu cha Jena. Mwaka 1866 fundi Carl Zeiss alimwita amsaidie. Zama hizo lenzi za hadubini zilitengenezwa kwa kubahatisha: fundi husaga kioo, hujaribu, hutupa, huanza upya. Abbe alileta hesabu, lenzi ikapangwa kwenye karatasi kabla ya kioo kusagwa.

Tatizo lililobaki lilikuwa rangi. Kioo hupinda kila rangi ya mwanga kivyake. Zisipokutana mahali pamoja, picha huwa na ukungu pembezoni. Akishirikiana na Otto Schott, mjuzi wa vioo, Abbe alipata vioo vipya, na mwaka 1886 ikatoka lenzi iliyokutanisha rangi tatu. Herufi APO tunazoziona leo kwenye lenzi ghali za kamera zina asili hapo.

Utajiri ulipokuja, hakuushikilia. Mwaka 1889 alianzisha wakfu, kisha akauachia hisa zake. Mwaka 1900 wafanyakazi wa kiwanda hicho walipata siku ya saa 8.

Abbe alifariki mwaka 1905. Saa za babake hakuzisahau.