Hon'ami Koetsu: Bingwa aliyezitambua panga zisizo na majina

WAPENZI wa sanaa za Japani humkumbuka Hon'ami Koetsu kwa mwandiko wake wa brashi na vikombe vyake vya chai. Hata hivyo, chimbuko la ubingwa wake lilikuwa chuma.

Koetsu alizaliwa mwaka wa 1558 mjini Kyoto, katika ukoo uliosifika kwa kazi tatu: kunoa panga, kuzisafisha na kutambua asili yazo. Enzi hizo zilikuwa za vita, na watawala waliwatunuku wafuasi wao panga za wahunzi mashuhuri. Upanga bandia ungeweza kumvunjia heshima mtoaji na mpokeaji pia.

Ugumu ni kwamba panga nyingi bora hazikuwa na jina. Panga za kale zilikuwa ndefu, zenye mpindo mkubwa, na zilining'inizwa kiunoni makali yakiwa chini, zikamfaa askari wa farasi. Mtindo wa vita ulipobadilika, wenyewe walizipunguza kutoka upande wa mpini ili wazichomeke mshipini makali yakielekea juu. Saini ya mhunzi, iliyochongwa kwenye chuma kinachofichwa na mpini, ikapotea pamoja na kipande kilichokatwa. Isitoshe, walaghai walichonga saini za uongo.

Kwa hivyo, mtambuzi alilazimika kuusoma upanga wenyewe. Mpindo ulimweleza ulivyobebwa. Michirizi ya chuma, mithili ya ile ya mbao, ilimwonyesha ulivyofuliwa. Nao utando mweupe kandokando ya makali, unaotokana na udongo uliopakwa upanga kabla ya kutumbukizwa majini, ulitofautiana kutoka mhunzi hadi mhunzi. Kutu ya sehemu ya mpinini ilidokeza umri.

Uamuzi wa ukoo wa Hon'ami uliandikwa kwenye hati, au kwa dhahabu juu ya chuma chenyewe. Ukoo wa kitawala wa Maeda ulimlipa Koji, babake Koetsu, na baadaye Koetsu mwenyewe, kwa utumishi huo.

Mwaka wa 1615, Tokugawa Ieyasu alimpa Koetsu ardhi Takagamine, kaskazini mwa Kyoto, alikoishi na mafundi wenzake. Alifariki mwaka wa 1637. Kikombe alichokifinyanga, kiitwacho Fujisan, ni Hazina ya Taifa.

Mtawala Tokugawa Yoshimune alipotaka orodha ya panga mashuhuri mwaka wa 1719, aliwageukia watu wa ukoo huo huo. Wataalamu wangali wanaitumia orodha hiyo.